Kwa nini umri wa kustaafu marubani wa 67 ulikwama Marekani

Umeuliza kwa nini rubani mzima wa afya astaafishwe kisa tu ametimiza miaka 65. Afya anapimwa kila miezi 6, kwa hiyo mimi hapo sina wasiwasi sana. Kigingi ni ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga: kanuni zake zinaishia 65 kwa safari za abiria za kimataifa. Mwaka 2023 Bunge la Wawakilishi lilipitisha umri upande hadi 67, Seneti ikagoma, na sheria ya 2024 ikaacha 65 palepale. Ingepita, kapteni wa Boeing 777 wa New York–London aliyetimiza 65 angerudishwa safari za ndani, pengine asomee ndege nyingine upya, kwa gharama ya kampuni. Waliotaka 67 wangeanza kwa kubadili kanuni za ICAO. Na chama cha marubani chenyewe, ALPA, kilipinga!