Swali la Msomaji: Vita vya UNITA Viliishaje?

SWALI: Shikamoo mzee. UNITA, kundi la waasi wa Angola, lilikuwa na almasi na jeshi kubwa. Ilikuwaje kiongozi wao, Jonas Savimbi, alipouawa vita vyao na serikali vikaisha ndani ya wiki sita hivi? Msomaji, Tabora.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wengi hudhani risasi za tarehe 22 Februari 2002, kule mkoani Moxico, zilizomuua Savimbi, ndizo zilizoivunja UNITA. Mimi sikubali. Ilikuwa imeshavunjika.

Nilifuatilia vita vile kila jioni kwa redio ya betri, na habari iliyonishtua zaidi ilikuwa ya Oktoba 1999, UNITA walipopoteza ngome zao, miji ya Bailundo na Andulo. Andulo ndipo ndege zao zilipotua na silaha na mafuta. Ukikosa uwanja kama ule, almasi ni mawe tu. Tena kuziuza kulishakuwa kugumu: Umoja wa Mataifa uliwawekea vikwazo vya silaha na mafuta mwaka 1993, na vya almasi mwaka 1998.

Ikabaki njaa. Jeshi la serikali liliwahamisha wanavijiji kwa nguvu, mashamba yakabaki mapori, wapiganaji wakakosa hata muhogo. Hapa ndipo roho huniuma, kwa sababu wanavijiji wale hawakuwa na almasi wala bunduki, na pande zote mbili ziliwatesa.

Makamu wa Savimbi, António Dembo, naye alifariki porini siku chache baada ya Savimbi kuuawa. Jenerali Kamorteiro, mkuu wa majeshi ya UNITA, akatia saini mkataba wa kusitisha vita kwa niaba yao tarehe 4 Aprili, jijini Luanda.