Mkataba unasema saa 37 na nusu, slipu inasema 19: nilivyodai saa zangu

Jumapili usiku ndio ulikuwa wakati wangu wa hofu. Rota ya wiki, yaani ratiba ya zamu zetu, ilikuwa ikiingia kwenye simu kati ya saa mbili na saa nne, nami nikikaa ukingoni mwa kitanda kuisubiri kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Mara ya kwanza nilipoifungua nikakuta Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ziko tupu, nilidhani simu imekwama. Nikaizima, nikaiwasha. Siku zilikuwa tupu vilevile.

Nilifika Uingereza kutoka Mombasa mwezi wa nane 2023, kwa kazi ya kuhudumia wazee majumbani, ile ambayo sisi huku twaiita kea. Cheti cha udhamini kutoka kwa mdhamini wangu, yaani kampuni iliyoniajiri, ndicho kilichonipatia viza, nacho kilisema saa 37 na nusu kwa wiki, pauni 10.75 kwa saa, jumla pauni 20,960 kwa mwaka. Mamangu alikuwa ameuza kipande cha shamba Kwale ili wakala alipwe. Habari ya mawakala ni ndefu, nitaiandika siku nyingine. Leo nataka tuzungumze saa, kwa sababu kila wiki hunipigia mtu akilia kilio kilekile nilicholia mimi: mkataba una saa kamili, rota ina nusu.

Kwanza elewa saa zinapotelea wapi. Mara nyingi halmashauri ya mji ndiyo inayoinunua huduma hii kwa kampuni, na huinunua kwa ziara: nusu saa asubuhi, robo saa mchana, nusu saa jioni. Mzee akilazwa hospitali au akifariki, ziara zake husimama na kampuni hailipwi. Kampuni nyingi zilileta watu kutoka Kenya, Nigeria, Zimbabwe na India wengi kuliko ziara zilizokuwa nazo, na pengo likashushwa kwa mfanyakazi. Lakini mkataba uliosaini haukusema utalipwa mzee akiwa nyumbani tu. Ulisema saa 37 na nusu. Hasara ya ziara kupungua ni ya kampuni, si ya mtu aliyevuka bahari kwa karatasi yenye hesabu iliyoandikwa.

Pengo la pili halionekani upesi. Wiki moja ya mwezi wa kumi slipu yangu ya mshahara ilisema saa 19, pauni 204.25 kabla ya makato. Daftari langu la wiki hiyohiyo lilisema nyingine. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili u nusu asubuhi, nikarudi saa nne usiku, siku nne. Kutoka kwa bibi wa kwanza hadi kwa mzee wa pili ni dakika 25 kwa basi, na dakika hizo hazikulipwa. Nilikuwa nasimama kituoni na chupa yangu ya chai, glavu mfukoni, nikihesabu. Nilipojumlisha safari za kati ya nyumba na nyumba nilipata saa 8 kwa wiki. Gawanya 204.25 kwa 27: pauni 7.56 kwa saa. Kima cha chini cha kisheria mwaka huo kilikuwa 10.42. Safari ya kutoka kwako hadi kwa mteja wa kwanza haihesabiwi, lakini safari ya kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine ni kazi kwa hesabu ya kima cha chini. Mimi sikulijua hilo kwa miezi mitatu.

Sasa nikwambie kosa langu kubwa, kwa sababu wengi wetu tunalifanya kwa uzuri wa malezi. Meneja alikuwa akiandika: wiki hii kazi imepungua, samahani. Nami nikijibu: sawa, asante. Kila wiki. Kwetu ukiambiwa samahani haifai kujibu kwa ukali, na mimi nililelewa hivyo. Siku nilipoanza kudai, nikasomewa ujumbe wangu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine: sawa, asante, sawa, asante. Wakasema nilikubali kupunguziwa saa. Nilihisi kama nimefungwa kwa kamba niliyoisokota mwenyewe.

Kwa hiyo nakuomba, dada yangu, kaka yangu, usiandike tena sawa asante chini ya rota yenye mapengo. Adabu yako ibaki, lakini andika hivi, kwa barua pepe ikiwezekana, kila wiki bila kuruka:

"Nimepokea rota ya wiki inayoanza tarehe fulani, yenye saa 16. Mkataba wangu ni saa 37 na nusu. Niko tayari kufanya saa zilizobaki, na sijakubali kupunguziwa saa wala malipo. Tafadhali nijulishe mtakavyozijaza."

Basi. Hakuna tusi, hakuna lugha ngumu ya kisheria. Maneno mawili ndiyo yanayobeba mzigo: niko tayari, na sijakubali. Mwajiri akija kusema hukutaka kazi, una ushahidi. Akisema mlikubaliana, una ushahidi. Mimi nilianza kuutuma mwezi wa kwanza 2024, na madai yangu yalisimama imara kuanzia tarehe hiyo. Wiki za kabla yake ndizo zilizobishaniwa.

Pamoja na ujumbe huo, weka daftari. La karatasi, si la kwenye simu ya kampuni. Andika tarehe, saa uliyofika, saa uliyotoka, safari ilichukua dakika ngapi. Lakini usiandike jina la mteja wala anwani yake. Andika herufi za mwanzo tu. Kuna mwenzetu alipiga picha za rota zenye majina na namba za milango, kesi ikageuka, yeye ndiye akawa anashtakiwa kuvunja siri za wateja. Tunza vilevile picha za programu ile ya simu unayoingilia na kutokea kazini, ukifunika majina, kwa sababu siku utakayoondoka watakufungia. Na hata wakikufungia, una haki ya kuwaandikia kuomba kumbukumbu zote walizonazo juu yako, pamoja na rota na saa ulizosajili. Sheria ya ulinzi wa data huwapa kwa kawaida mwezi mmoja kukujibu, na hulipi kitu.

Slipu zako zisome. Tangu Aprili 2019, kama malipo yako hupanda na kushuka kwa saa, slipu lazima ioneshe idadi ya saa ulizolipwa. Yangu ilikuwa na jumla ya pesa tu hadi nilipoiomba kwa maandishi.

Kuhusu karatasi utakazoletewa, hapa simama kidogo. Ya kwanza ni mkataba mpya baada ya kufika, unaosema saa zitatolewa kulingana na mahitaji. Wengine huletewa siku ya mafunzo, katikati ya fomu kumi, kalamu ikiwa mkononi. Omba uende nao nyumbani. Ya pili ni fomu ya likizo ya kulipwa: wiki zisizo na kazi zinaandikwa kuwa likizo yako, na mwisho wa mwaka ukitaka kwenda kuzika nyumbani unaambiwa siku zimekwisha. Ya tatu ndiyo hatari kuliko zote, likizo bila malipo. Meneja anakwambia ni utaratibu tu. Si utaratibu tu. Kwa masharti ya viza hii, likizo bila malipo ikizidi wiki nne kwa mwaka wa kalenda, nje ya sababu chache zinazoruhusiwa kama ugonjwa au uzazi, mdhamini anatakiwa kuacha kukudhamini. Unaweza kusaini kwa kuihurumia kampuni na ukapoteza viza yako.

Najua swali linalokukaa kooni. Nikilalamika, si watanifuta? Sitakudanganya kwamba hofu hiyo haina msingi. Udhamini ukikatika, au kampuni ikinyang'anywa leseni ya kudhamini, Wizara ya Mambo ya Ndani kwa kawaida hukupa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Nimeona watu wakilala sebuleni kwa rafiki huku siku hizo zikihesabika. Lakini weka na hili kwenye mizani: kampuni inayokulipa chini ya ilivyoahidi kwenye cheti cha udhamini inatakiwa kuiarifu Wizara ndani ya siku 10 za kazi. Isipofanya hivyo, leseni iko hatarini hata ukinyamaza. Wenzangu waliovumilia mwaka mzima bila neno walipata barua ileile ya siku 60 kama waliolalamika, ila wao hawakuwa na daftari.

Kwa hiyo fanya mambo mawili kwa pamoja, usisubiri moja limalizike. Tafuta mdhamini mwingine kimyakimya ukiwa bado kazini. Kubadili mdhamini ni kuomba viza upya, na huanzi kazi mpya hadi ijibiwe. Aprili 2025 waajiri wa kea Uingereza walianza kutakiwa kujaribu kwanza kuajiri watu waliokwisha kuwa nchini na kupoteza wadhamini, na mikoa ikawa na ofisi za kuwaunganisha. Uliza halmashauri yako utaratibu ukoje sasa. Na huku ukitafuta, dai ulichopunjwa.

Wakati huohuo viza hii huruhusu kazi ya nyongeza hadi saa 20 kwa wiki kwa mwajiri mwingine, katika kazi zinazokubaliwa, nje ya saa za mkataba wako. Ni halali, ina slipu. Ile ya kulipwa pesa mkononi bila slipu, kwenye maghala usiku, ambayo kila mtu anamjua mtu anayeifanya, usiiguse. Nawaelewa wanaoigusa, kodi ya chumba haisubiri. Mimi ilipofika wiki ya pauni 130 nilikwenda benki ya chakula ya kanisani. Benki za chakula si fedha za umma, zile tulizokatazwa kuomba, kwa hiyo haziharibu viza. Nenda bila aibu.

Kudai kwenyewe kulikuwa hivi. Niliandika kwanza malalamiko rasmi kwa kampuni, ukurasa mmoja, na jedwali: wiki, saa za mkataba, saa nilizolipwa, tofauti. Tofauti ya kawaida ilikuwa saa 18 na nusu, karibu pauni 199 kwa wiki. Kwa wiki 24 hiyo ni zaidi ya pauni 4,700. Kampuni ilinyamaza. Nikapiga ACAS, 0300 123 1100, shirika la umma la kusuluhisha migogoro ya kazi. Huwezi kwenda mahakama ya kazi kabla ya kupitia kwao, na hawatozi pesa. Mahakama yenyewe pia haitozi ada ya kufungua shauri tangu Mahakama ya Juu ilipozifuta mwaka 2017. Wakati wangu muda wa mwisho ulikuwa miezi mitatu kasoro siku moja, kuanzia kato la mwisho la mshahara. Muda huu ndio uulizie mwanzo kabisa ukipiga simu, kabla hujasimulia chochote. Na ukifukuzwa kwa sababu ya kudai mshahara wako, sheria huhesabu kufukuzwa huko kuwa si kwa haki hata kama hujakaa muda mrefu kazini.

Nilikuwa nimejiunga na chama cha wafanyakazi cha UNISON tangu Novemba, na hilo lilinisaidia kupata mtu wa kunisomea barua. Jiunge mapema, vyama vingi husita kubeba shauri lililoanza kabla hujawa mwanachama. Kama huna chama, shirika la ushauri la Citizens Advice husaidia bure. Na ikiwa umenyang'anywa pasipoti, au unatishiwa, hilo si suala la saa tena: piga 08000 121 700, simu ya msaada kwa waathirika wa utumwa wa kisasa.

Msuluhishi wa ACAS alizungumza na kampuni kwa wiki tano. Mwishoni walitoa pauni 3,200. Haikuwa yote. Nilikesha usiku mmoja nikiipima, nikakubali, kwa sababu mdhamini mpya alikuwa ameshanikubali na nilitaka kuondoka nikiwa na pumzi. Pesa ziliingia Ijumaa ya mwezi wa tano 2024, nami nikatuma nusu Kwale asubuhi hiyohiyo.

Wenzangu wawili wa kampuni ileile, waliopunjwa kuliko mimi, waliposikia waliniomba namba ya ACAS. Walikuwa wameondoka mwezi wa kwanza na mshahara wao wa mwisho uliingia mwezi huohuo. Walipiga simu mwezi wa sita. Yule msuluhishi aliwasikiliza vizuri, akawauliza tarehe ya slipu ya mwisho, kisha akawaambia muda ulikuwa umepita tangu mwezi wa nne.