Swali: Sindano za Cerebrolysin kwa mzee aliyepata kiharusi, je nimchome?

Swali: Salaam aleikum daktari, niko Ujiji. Baba ana miaka 68, kapata kiharusi wiki 5 zilizopita, upande wa kulia umelegea na maneno hayatoki sawasawa. Wiki ya pili alikakamaa akatetemeka mara mbili, tukaogopa sana. Shemeji yupo Dubai katutumia boksi 4 za Cerebrolysin, anasema zinafufua ubongo. Nimefungua moja nikaona maji yana rangi kama chai, zimeharibika? Jirani yetu nesi yuko tayari kumchoma 10 ml kwenye msuli kila siku. Alafu kuna mtu kasema inatokana na nguruwe, ni kweli?

Jibu: Waaleikum salaam dada yangu, poleni sana na mgonjwa. Ntaanza na la nguruwe, umeliweka mwisho lakini naona ndo linalokunyima usingizi. Ni kweli. Dawa hii inatoka Austria, wanachukua protini za ubongo wa nguruwe wanazivunjavunja kwa vimeng'enya mpaka vinabaki vipande vidogo sana vinavyoitwa peptidi, pamoja na asidi amino, na hizo asidi amino ndo nyingi kuliko peptidi zenyewe. Wazo lao ni kwamba hizo peptidi zinafanya kazi kama zile ambazo ubongo wenyewe unazitoa kulinda na kulea seli za fahamu. Ndo maana ni sindano na sio kidonge, ukiimeza tumbo litaisaga tu kama linavyosaga samaki wa mgebuka.

Halali au haramu mi mfamasia, sio shehe, siwezi kukuamulia. Ila kazi yangu ni kukwambia imetoka wapi, na kusema ukweli huwa hatuwaambii watu vya kutosha, hata heparini ya kuzuia damu kuganda kwa kawaida inatoka kwenye utumbo wa nguruwe na inachomwa mahospitalini kila siku. Tofauti ni kwamba heparini kazi yake inajulikana haina ubishi. Kwa iyo ukienda kumuuliza shehe habari ya dharura, mpelekee na haya yafuatayo, asije akaambiwa nusu ya habari.

Cerebrolysin inatumika Urusi, China na nchi nyingine nyingi, Marekani haijaidhinishwa. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Asia ukatoka 2012, wagonjwa 1,070 wa kiharusi, waliochomwa dawa walipewa 30 ml kwa siku 10, na baada ya siku 90 hawakuwa na tofauti ya maana na wale waliochomwa maji tu. 2016 ukatoka mwingine mdogo wa watu 208, wao walichomwa siku 21, mkono uliolegea ukaonekana umepata nguvu zaidi, ila uligharamiwa na kampuni yenyewe. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, wamezikusanya tafiti za namna hii mara kadhaa, wanasema huenda haipunguzi vifo, au inapunguza kidogo mno, na madhara makubwa yasiyoua yanaweza kuwa mengi zaidi kwa waliochomwa. Kwa iyo hiyo ya kufufua ubongo, dada, hapana, seli iliyokufa haifufuki na dawa hii haiyeyushi damu iliyoganda pia.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Hata kama dawa ingekuwa nzuri kiasi gani, mzee kukakamaa na kutetemeka mara mbili huenda ni kifafa kilichotokana na kiharusi, na hujaniambia kama daktari alikiona. Karatasi iliyomo kwenye boksi inakataza kumpa mwenye kifafa na mwenye figo zilizochoka sana. Kwa iyo kwa mzee wako mi nasema msichome, kwanza apelekwe hospitali ya Maweni, waambieni siku gani alikakamaa na ilichukua muda gani, na figo zipimwe.

Rangi isikutishe, ndivyo ilivyo, ya kahawia kama asali nyepesi. Ya kutupa ni iliyokuwa na ukungu au vitu vinavyoelea. Ila inatakiwa ikae chini ya nyuzi 25 na isipigwe na mwanga, na nyumba za bati za huku kwetu Kigoma 25 inapitwa hata chai ya saa nne haijaiva, sembuse safari ya kutoka Dubai sijui ilikaa kwenye gari gani.

Na 10 ml kwenye msuli hapana kabisa! Msuli mwisho 5 ml. 10 ml ni ya mshipa, polepole, ikizidi hapo inachanganywa na dripu ya chumvi ya kawaida, isipungue dakika 15, ukiisukuma haraka mtu anaona joto, jasho, kizunguzungu, moyo unakwenda mbio. Na isichanganywe bomba moja na vitamini, najua manesi wetu wanapenda kuunganisha na Neurobion.

Hujasema kama alipigwa siti skani, ile picha ya ubongo. Ni muhimu, maana kama mshipa uliziba atahitaji aspirini na dawa ya mafuta ya damu, kama ulipasuka aspirini inaweza kumuua. Presha ipimwe na dawa zake asiache hata siku moja. Uji apewe akiwa ameketi, akikohoa wakati wa kumeza mseme hospitali, mgeuzeni kila masaa mawili, na msimnyanyue kwa kumvuta ule mkono uliolegea, bega linachomoka. Mazoezi ya viungo yaanze sasa hivi, miezi hii ya mwanzo ndo mwili unarudi zaidi, na maneno pia yanafundishwa upya, mkae nae mtaje majina ya vitu vya ndani, sufuria, kikombe, wajukuu.

Boksi zipelekeni famasi ya hospitali, msimgawie jirani. Na shemeji akiuliza atume nyingine, mwambie hiyo hela alipie bajaji ya kumpeleka mzee mazoezini mara tatu kwa wiki.