Barua kwa mwanangu: lile kasha la biskuti

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako alinisomea mdogo wako, kisha nikamwambia aniachie simu niusome mwenyewe. Unauliza kama umlipe huyo mshauri wa masoko wa Kampala shilingi milioni 3, aondoe jina la bibi yako kwenye nguo zako na kuweka la Kiingereza, maana anadai wateja wa leo hawawezi kulipenda jina la kikongwe wa mtaa wa Walukuba, hapa Jinja. Nitakujibu. Lakini tangu jana nafikiria lile kasha la biskuti.

Unalijua, mama yako anawekea vifungo. Mlipokuwa wadogo mlichezea zile lebo zilizo chini yake, nami niliwaambia kwamba fundi wangu Mhindi alinipa siku anaondoka. Hakunipa.

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka 16, kazi yangu dukani kwake kufagia, kupiga pasi na kutia vifungo. Mwezi wa nane Amin akatangaza Wahindi waondoke, akawapa siku 90. Yule mzee alishona mpaka wiki ya mwisho, akimalizia suti za watu waliokwisha lipa. Mimi nilimwona mjinga. Alipoondoka, duka likapewa bwana mmoja ambaye hajawahi kutunga uzi kwenye sindano, mmoja wa wale waliogawiwa maduka ya Wahindi, tuliowaita mafuta mingi. (Watu walisimulia kwamba kuna mmoja wao aliuza mashati akidhani namba ya kola ndiyo bei. Wetu hakufikia hapo, lakini hakuwa mbali.) Kibao cha mzee hakukitoa, maana kilileta watu. Na mimi, niliyegeuka fundi mkuu kwa kukosekana mwingine, nilifungua droo nikakuta kasha limejaa lebo zenye jina lake. Nikaanza kuzishona kwenye suruali zangu.

Zilinunuliwa, mwanangu! Miaka miwili nilijiona mfalme wa Main Street.

Sasa sikiliza. Yule mzee alikuwa na kawaida moja. Nyuma ya kiuno cha kila suruali, ndani, alikunjia akiba ya kitambaa inchi mbili. Mteja akinenepa, anarudi, mshono unafumuliwa, suruali inatanuliwa, anaendelea kuivaa. Akiba hiyo haikuonekana wala haikuandikwa popote. Mimi niliiondoa. Ilikuwa 1974, zama za magendo, kitambaa hakipatikani. Hata cha kiwanda cha Nytil, kilichofumwa hapa hapa Jinja, ulikipata kwa kujuana. Kwa akiba za suruali kumi nilipata kaptura ya mtoto. Hesabu nzuri, nilidhani.

Akaja mwalimu mmoja, mteja wa zamani wa mzee, na suruali niliyomshonea mimi. Ameongezeka mwili kidogo, anaomba itanuliwe. Nikajifanya natafuta futikamba. Yeye akaigeuza ndani nje juu ya meza, akapitisha kidole kwenye mshono wa nyuma, akakuta hakuna kitu. Akaitazama lebo, akanitazama mimi.

"Nani ameshona hii?"

"Ni duka hili hili, mwalimu."

"Duka hili hili," akarudia. Akaikunja taratibu, akaiweka kwapani, akatoka. Hakudai pesa wala hakugomba. Angenitukana ningekwisha msahau.

Ndiyo maana nyumbani kwetu mmechoka kunisikia nikisema: geuza nguo. Mama yako hukuleteeni nguo za mivumba, yaani mitumba, kutoka soko la Owino, nami kabla sijatazama rangi naigeuza. Geuza nguo kwanza, kisha ndiyo tuzungumze jina.

Lakini najibishana mwenyewe hapa. Kitambaa kilikuwa adimu kweli. Hata mzee angebaki, angekitoa wapi? Labda naye angepunguza. Ila nadhani angesema. Angemwambia mwalimu, safari hii hakuna akiba, bei ni hii. Mimi nilipunguza ndani nikaacha lebo na bei vile vile. Pia siwezi kusema jina si kitu, wakati jina la mtu mwingine ndilo lililonilisha miaka miwili. Na kule kuiondoa akiba ndiko kulikolila likaisha. Mwaka uliofuata kibao kilikuwa bado kipo, watu hawaingii.

Nilipoanza kibaraza changu mwenyewe sikuweka lebo yoyote. Niliogopa. Niliacha inchi mbili tu, kila suruali, hata kipindi ambacho mama yako alinililia kwamba tunawavisha watu kitambaa chetu. Basi siku moja anakuja mama mmoja ametoka Iganga, simjui, anauliza barabarani, "Yuko wapi Inchi Mbili?" Nilisikia nikiwa kwenye cherehani. Sikumjibu upesi, nilitaka aulize tena.

Jina hilo, kama ujuavyo, sikulichagua. Wala Gomes, yule mshonaji Mgoa wa Kampala, sidhani kama alikaa chini kupanga kwamba vazi la wanawake wa Uganda litaitwa gomesi. Leo bibi harusi analivaa, anafunga mshipi, analitaja jina lake bila kujua kama alikuwa mtu.

Mshauri wako sijamsikia akiuliza nguo zako ndani zikoje. Wale wasichana watano wanaokushonea, mishono wanaifunga au wanaacha inachanika? Mteja akirudi baada ya mwaka, unampokea au unamwonyesha bei ya mpya? Hayo sikuyaona kwenye ujumbe. Jina lolote utakaloshika, lisajili URSB, ofisi ya usajili ya serikali. Sheria ya alama za biashara ya 2010 inakupa miaka 7 ya kwanza, halafu unahuisha.

Unataka niseme ndiyo au hapana. Ulimi unaniwasha, hasa nikimkumbuka bibi yako mwenyewe na namna alivyokuwa akizikagua nguo za sikukuu. Lakini duka ni lako na milioni 3 ni zako. Nanyamaza.

Gauni ulilotaka lipunguzwe nimempa dereva yule yule, litafika kesho jioni. Sijakata kitambaa, nimekikunjia ndani. Kwenye mfuko utakuta lebo moja. Nilihesabu, kwenye kasha zimebaki kumi na moja. Usiishone popote.

Baba yako