Mkuu usiuze hiyo mikorosho, mi niliuza ya kwetu 2012

Mkuu ACHA. Kama hujasaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji, rudisha hiyo advansi leo leo, hata kama umeshaila kopa sehemu urudishe.

Uzi wako nimeusoma mara mbili. Una miaka 48, uko Dar, kazi imekuchosha, watoto wamekua hata Kimakonde hawajui, unajiuliza miaka iliyobaki ukaimalizie Dar au urudi nyumbani, wife ni wa Moshi na Kusini hataki hata kupasikia, afu katikati ya maswali yote hayo umechomeka kwamba unauza shamba la marehemu mzee kule Tandahimba, unaongezea mkopo, unanunua viwanja vitatu Lindi njia ya Likong'o ujenge gesti kwa ajili ya mradi wa LNG, ule wa kugeuza gesi iwe kimiminika. Umeliandika kama vile ni jambo dogo. Mi hapo ndo nikaacha chai.

Nina miaka 51. Hicho unachotaka kufanya nilikifanya nikiwa na 38, tofauti ni kwamba mimi ilikuwa Mtwara mjini na wewe ni Lindi.

Mzee wangu aliacha ekari 5, mikorosho 140, ile ya kupandwa kwa hatua, mistari imenyooka unasimama huku mwanzo unaona mpaka mwisho. Na kwa nini niliuza? Kwa sababu 2012 korosho ilikuwa inaudhi, nisikudanganye. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza kupitia maghala, ilikuwa na misimu kama mitano tu tangu ianze, unapeleka mzigo ghalani unapewa malipo ya kwanza, ya pili unasubiri mpaka unasahau kama unadai. Mwaka uliofuata Liwale watu walichoma nyumba kwa hasira ya hela ya korosho, wenye umri wetu wanakumbuka. Kwa hiyo mtu akikwambia achana na hayo mapori yanakupotezea muda, inaingia akilini kabisa.

Na kipindi hicho mjini kulikuwa na moto. Mtwara kuchele, yaani kumekucha! Gesi ya bahari kuu inagunduliwa kila baada ya miezi michache, Shangani nyumba zinapangishwa kwa dola, ndege inatua imejaa watu wa kofia ngumu. Akaja jamaa mmoja kutoka Dar na semina ya fursa, kiingilio elfu 30, maji chupa moja, akatuonesha kwenye projekta picha ya Dubai ya zamani ina ngamia na Dubai ya sasa ina maghorofa, akasema ndani ya miaka mitano Mtwara ni hii hapa. Ukumbi mzima tukapiga makofi, tulikuwa watu wazima tuna ndevu, tunapigia makofi picha ya ngamia. Yule jamaa nikikutana naye leo sitampiga, nitamdai elfu 30 yangu na riba. Nilipomtafuta 2016 kwenye namba yake nikaambiwa sa hivi anafundisha ufugaji wa sungura.

Dalali naye, huyu tulisoma naye kabisa, akawa ananipigia kila siku saa moja asubuhi. Kaka wazungu hawana pa kulala. Kaka kiwanja cha Mangamba kuna Mchina anakitaka mchana huu. Huyo Mchina sijawahi kumuona mpaka leo, nadhani bado yuko njiani anakuja.

Basi nikauza shamba milioni 7. Nikakopa 18 kwa dhamana ya mshahara, miaka mitano. Kiwanja peke yake kikala 11, kiwanja ambacho mwaka mmoja nyuma kilitoka kwa 2. Iliyobaki nikaanza msingi wa vyumba tisa, vya selfu vyote, maana dalali kasema mzungu haendi choo cha nje. Ikaisha ukutani, mkopo wa pili nikauchukua mtaani kwa watu wa riba, hizo ndo hesabu sizipigi tena maana nikizipiga silali. Gesti nikaiita Gesi Executive Lodge, kibao cha taa mpaka barabarani. (Jikoni tunapikia mkaa, mkuu. Gesi iko kwenye kibao tu.)

Mei 2013 bajeti ya nishati inasomwa Dodoma, mji ukawaka. Watu wanapinga gesi kupelekwa Dar kwa bomba, gesi haitoki, gesi haitoki, mabomu ya machozi, maduka yamefungwa, mafundi wangu wote wakakimbilia kwao na mmoja kaondoka na mashine yangu ya kukatia vigae. Ujenzi ukalala miezi minne huku makato ya mkopo hayalali hata siku moja. Nikafungua mwanzoni mwa 2014. Na hapa nikwambie ukweli maana usije ukasema nakutisha, miezi ya kwanza ilikuwa TAMU. Chumba elfu 45, vijana wanaojenga bomba la gesi wamechukua vyumba sita, nikanunua na gari. Nikawa nawaona wanaoenda kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga, imewajaa puani, nawaonea huruma.

Bomba lile la kwenda Dar, kilomita zaidi ya 500, likaisha 2015. Likiisha watu wa bomba wanabaki kufanya nini? Hilo swali sikujiuliza mimi, dalali, wala yule wa ngamia. Na mwaka huo huo bei ya mafuta duniani ikawa imeshaporomoka, kutoka juu ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 mpaka chini ya 30 mwanzoni mwa 2016, kampuni zikakunja mahema. Sikuwa najua kwamba pipa la mafuta la Uarabuni linaweza kumfukuza mgeni wangu chumba namba 4, nikajua. Kuna mwezi wa 2016 nilipata wageni wanne, wawili ni shemeji zangu walikuja msibani.

Sasa sikia hili ndo nalotaka ulisome taratibu. Msimu wa 2017/18. Nchi nzima ilitoa tani zaidi ya laki tatu, na mnada wa kwetu korosho ikavuka 3,800 kwa kilo. Aliyenunua shamba letu alivuna tani moja na nusu na kitu. Piga hesabu mwenyewe. Toa makato ya chama na ushuru, bado zile milioni zangu 7 nusu yake na zaidi zilirudi kwa msimu MMOJA, na alishavuna misimu mitano kabla ya huo.

Novemba hiyo nikaenda kumsalimia bi mkubwa. Nyumbani hayupo. Jirani akasema yuko shamba, nikajiuliza shamba gani. Nikafuata njia, nikamkuta chini ya mikorosho ile ile, ameinama, ana miaka sabini na, ananyofoa korosho kwenye mabibo anatia kwenye ndoo. Kibarua. Analipwa kwa ndoo. Nikashindwa hata kumwamkia. Akaniambia mwenye shamba ananiita mimi kila mwaka kwa sababu miti hii nimeipanda na baba yako, najua upi unadondosha mapema. Akanichagulia bibo jekundu akanipa nile. Suala la shamba hakulitaja siku hiyo, na hakulitaja mpaka alipofariki, na mkuu ni afadhali angenitukana.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na wanangu wanaijua mpaka wananiigiza: kinachozaa hakiuzwi kununua kinachosubiriwa. Unataka kubahatisha na LNG? Bahatisha na bonasi yako, hela ya bodaboda zako, hela ambayo ikipotea utanuna wiki mbili tu. Mti unaozaa usiuguse.

Mtasema mzee ana nongwa na maendeleo. Hapana. Siombi mradi usije, uje hata kesho, mi nina vyumba tisa! Lakini angalia sisi watu wa Kusini tumeishije. Babu alihadithia ule mradi wa karanga wa Waingereza baada ya vita, Nachingwea kule, wakatengeneza bandari Mtwara wakaweka na reli, mimi nazaliwa 1974 hata reli haipo, ilishang'olewa miaka ya 60. Mwaka nazaliwa watu wanahamishiwa vijijini, mikorosho inaachwa porini, nchi iliyokuwa inatoa tani zaidi ya 140,000 ikashuka mpaka chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 80, na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, juu yake. Mi nimekua kipindi hicho, sabuni ya foleni na ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha. Tukaambiwa ngojeni barabara. Tuliokwenda Dar miaka ya 90 wakati wa masika tunajua kulala Ndundu tunasubiri kivuko, Daraja la Mkapa limefunguliwa 2003 mi nishakuwa na mtoto. Na hata leo hiyo barabara si ya kuiamini sana, 2024 mvua imeikata Somanga tukakaa kisiwani. Huo mradi wa Likong'o nausikia tangu nina nywele nyeusi, makubaliano ya awali yamesainiwa Juni 2022, 2023 tukaambiwa mazungumzo yameisha, na huko njiani mpaka sasa madalali ndo wenye ajira.

Vyote hivyo vinakuja na kuondoka kwa maamuzi ya watu wa mbali. Mkorosho unangoja mwezi wa sita na mtu wa kuupigia salfa, basi. Una matatizo yake, nakubali. 2018 wanunuzi waligomea bei, rais akatangaza 3,300, magari ya jeshi yakaja kubeba na kuna waliosota kulipwa. Wenye kangomba, wale wanunuzi wa magendo, ndo walilia zaidi. Lakini mwaka uliofuata miti ilitoa maua kama kawaida, mimi chumba namba 4 hakijawahi kutoa maua.

2018 hiyo hiyo nikiwa na 44 nikaanza upya, ekari mbili na nusu Nanyamba, miche ya Naliendele, kile kituo cha utafiti wa korosho, miti 70. Mwaka wa tatu ikaanza kuonesha, sa hivi nauza kilo mia tano na kitu. Oktoba 2024 mnada umegonga juu ya 4,000 nikakaa kwenye baiskeli nikacheka peke yangu. Ila kupanda mti ukiwa na 44 si sawa na 38, na wewe una 48, ukiuza ya mzee ukapanda upya itakolea vizuri uko 56, mgongo unauma, hela ya mkopo bado inakatwa. Kama miti imezeeka usidanganywe kwamba haina maana, punguza matawi, ile isiyozaa kata ubebeshe mbegu mpya, wataalamu wa Naliendele wanafundisha, na salfa siku hizi inakuja ya ruzuku. Tafuta kijana wa kijijini mgawane, andikishaneni, utakuwa unavuna ukiwa huko huko Dar.

Gesti yangu ipo, ukipita karibu. Wamepanga wanafunzi wa chuo wawili wawili, wanalipa kwa semista, wameandika kwa makaa ukutani chumba namba 4 "Dubai".

La shemeji yetu wa Moshi na la mafao uliyouliza nimeona sasa hivi kwamba sijagusa, wengine watakuja. We niandikie hapa hiyo miti iko mingapi, mara ya mwisho imepigwa salfa mwaka gani, na huyo mnunuzi wako ni nani, isije ikawa ni yule yule wa kwangu.