Kushinda wodini na mtoto kuna maana

Hongera dada, na pole. Unauliza ukashinde wodini kufanya nini wakati mtoto yuko kwenye mashine ya joto. Mengi! Muulize muuguzi kama hali yake inaruhusu umbebe kifuani, ngozi kwa ngozi. Kwa watoto njiti, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2022 wabebwe hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku. Baba naye abebe, kifua chake kina joto vilevile. Kama bado hatolewi, nawa mikono, mtulizie kiganja kichwani bila kumpapasa (kupapaswa humchosha) na umwongeleshe. Sauti yako aliizoea tangu tumboni. Maziwa kamulia hapohapo karibu naye. Ukichoka, nenda ukalale bila kuona haya.