Kwa nini Bitcoin wasipunguze tu zile dakika 10?
Umeuliza kwa nini Bitcoin wasishushe tu muda wa kutoa bloku (fungu la miamala) toka dakika 10 hadi sekunde moja. Shida bloku inachukua muda kufika kwa nodi zote (kompyuta zinazoendesha mtandao), ukiharakisha sana wachimbaji wengi wanatoa bloku kwa mpigo na mnyororo unabakiza moja tu, zingine zinatupwa, kazi imepotea bure na mshambuliaji anapata upenyo. Kaspa, sarafu nyingine ya kidijitali, hawazitupi, kila bloku inataja ncha zote (bloku za mwishoni) ilizoziona, halafu kanuni yao iitwayo GHOSTDAG inazipanga, zilizounganika vizuri zinatangulia na zile zilizofichwa na mshambuliaji zinasukumwa nyuma, nzuri sana hii! Ndo maana tangu 2025 wanatoa bloku 10 kwa sekunde. Ila ukitaka kuendesha nodi tafuta intaneti ya uhakika na diski ya SSD.